Mfuko haukaushi mahindi

Swali: Nilinunua mifuko ile ya tabaka tatu isiyohitaji dawa. Nilipofungua mmoja baada ya miezi minne, mahindi yalinuka kama pombe na mengine yalikuwa na ukungu. Je, niliuziwa mfuko bandia? *Mkulima, Kongwa*

Jibu: Inaelekea mfuko hauna kosa, mahindi ndiyo hayakukauka. Kazi ya mfuko huo ni kumnyima mdudu hewa. Dumuzi na fukusi wakishamaliza oksijeni iliyobaki ndani, huacha kula, kisha hufa. Unyevu, lakini, hauna pa kutokea. Harufu ya pombe inaonyesha kwamba nafaka ilifungwa ikiwa na maji, na ukungu unaonyesha kwamba hewa nayo ilipata njia, ama kwa tundu la panya au kwa fundo lililolegea.

Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13 hivi. Kung'ata punje hakutoshi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu (ikaange kwanza, chumvi ya dukani huvuta maji), funga, tikisa kwa dakika moja, uache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda usishangilie mapema: umeshuka chini ya 15 tu, kwa hiyo anika siku moja au mbili zaidi.

Anika juu ya turubai, unene wa vidole viwili, ukigeuza kila baada ya saa moja, na ufunike kabla umande haujashuka. Kuvu anayetengeneza sumukuvu anaishi udongoni, ndiyo maana kuanika chini ni kumkaribisha. Kupura kwa kupiga gunia kwa fimbo nako huvunja punje, naye huingilia kwenye nyufa hizo.

Wakati wa kufunga, jaza mfuko wa ndani ukibakiza kama sentimita 30 juu, kamua hewa, sokota shingo, ikunje, kaza kwa mpira wa baiskeli. Fanya hivyo kwa wa pili, kisha ufunge wa nje. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta. Mahindi ya kula miezi ya mwanzo yabaki kwenye gunia la kawaida. Mfuko unaofunguliwa kila wiki ni gunia tu la bei ghali.

Swali: Yale yenye ukungu nikiyaosha na kuyapika vizuri, au nikiwapa kuku? *Msomaji, Kiteto*

Jibu: Hapana. Moto wa jikoni hauiondoi sumukuvu. Mwaka 2016 watu 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, mengi yakiwa ya shambani kwao. Chambua punje zilizooza, zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, kisha ukoboe zilizobaki. Hilo hupunguza sumu bila kuimaliza, kwani hata punje inayong'aa yaweza kuwa nayo. Kuku hudhurika pia, na ng'ombe huipitisha kwenye maziwa. Zile ulizozitoa, zifukie.

Swali: Mwanangu wa miezi tisa anakunywa uji wa unga wa lishe wa nafaka saba na karanga, lakini haongezeki uzito. *Mama, Singida*

Jibu: Mpeleke kliniki apimwe, halafu tazama uji wenyewe. Mahindi, mchele, ngano na ulezi hufanya karibu kazi moja. Kuziongeza ni kuongeza gharama. Inatosha nafaka moja, sehemu nne, na sehemu moja ya jamii ya kunde. Soya ichemshwe nusu saa na kukaushwa kabla ya kusagwa, kwa sababu ikiwa mbichi huzuia protini isisagike tumboni. Karanga zisikae ndani ya unga: huchacha, na ni miongoni mwa vyakula vinavyobeba sumukuvu kwa wingi. Zichambue, zikaange, zisage kidogo kidogo, utie kijiko kimoja uji ukiiva.

Kosa kubwa zaidi huwa ni maji. Tumbo la mtoto wa kilo nane hubeba kama kikombe kimoja, likijaa uji mwepesi limeshiba maji. Pika mzito, usiochuruzika kijikoni, nusu kikombe mara tatu au nne kwa siku, pamoja na kunyonya. Akishindwa kuumeza, usiongeze maji. Epua, ukiwa vuguvugu koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea cha ulezi. Ndani ya dakika chache utalegea. Urudishe jikoni uchemke tena kidogo.