Ulijuaje Kwamba Njia Imefungwa?

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeimaliza relini, kwanza kwenye gengi la matengenezo ya njia, baadaye kwenye timu za kuchunguza ajali. Naandika kwa vijana wanaoingia kazi hii sasa, hasa mtakaotumwa mahali ambapo fundi wa njia amegongwa na treni, maana naona uchunguzi mwingi bado unaanza na swali lilelile: nani kakosea?

Swali hilo hujibiwa haraka mno. Dereva hakupiga honi, mnyapara hakusimika bendera, faili linafungwa. Baada ya muda gengi jingine linafanya kazi vilevile kwenye kona nyingine. Anza na swali hili badala yake, na umuulize kila mmoja peke yake, mbali na bosi wake: "Ulijuaje kwamba njia imefungwa, yaani hakuna treni itakayopita?"

Uzito wake niliuona kwenye tukio ambalo hakuna aliyeumia. Gengi lilikuwa linabadilisha mataruma, yale yanayolaliwa na reli, kwenye kona yenye vichaka, treni ya mizigo ikatokea, watu wakaruka pembeni. Kwenye makaratasi mambo yote yalikuwa sawa: kibali cha kufunga njia kimesainiwa, bendera nyekundu zimetolewa stoo. Nikazikuta bendera hizo kwenye kisanduku cha zana, zimeviringwa kwenye mipini yake, kamba ya stoo haijafunguliwa. Fundi wa kwanza akaniambia aliingia kwa sababu alimwona mwenzake ameshaingia. Mwenzake alimwona mnyapara ameshaweka jeki. Mnyapara naye alikuwa amepigiwa simu na rafiki yake wa stesheni, kwamba treni inayofuata ni ya mchana. Wote ni watu wazoefu, na wote walikuwa wameegemea imani ya mtu mwingine.

Nikauliza: wiki iliyopita mlifanyaje? Wakatazamana, kisha mmoja akasema, "Hivihivi, mzee." Kuanzia hapo tukaacha kumjadili mnyapara, tukaanza kuchunguza kwa nini kupata kibali cha kweli kulichukua muda mrefu kiasi kwamba watu walikuwa wameshaacha kukisubiri. Kwa hiyo usichunguze siku ya ajali peke yake. Chunguza na siku za kawaida zilizoitangulia, ndizo zilizowafundisha watu kwamba njia ya mkato haina madhara.

Hali ya kufanana na hiyo iliua mafundi wawili huko Margam, Wales, tarehe 3 Julai 2019. Kazi yao ilihitaji mashine ya kelele, masikio yalikuwa yamezibwa ili kuyakinga, na hapakuwa na mtu aliyewekwa rasmi kuangalia treni. Dereva alipiga honi, lakini hawakuisikia kwa wakati. Waliochunguza ni RAIB, chombo cha Uingereza cha kuchunguza ajali za reli, kilichoanza kazi mwaka 2005 baada ya ajali ya Ladbroke Grove ya mwaka 1999 iliyoua watu 31. Kazi yao si kutafuta wa kumlaumu. Ni kutafuta sababu. Ningependa sana utenganisho huo tuushike huku kwetu, kwa sababu fundi anayeogopa kufukuzwa kazi hatakuambia habari ya simu ya rafiki yake.

Sasa hesabu. Treni ya kilomita 60 kwa saa hula takriban mita 17 kila sekunde. Treni za umeme zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 zinaweza kwenda kilomita 160 kwa saa, yaani zaidi ya mita 44 kila sekunde, tena bila mngurumo wa dizeli unaokutangulia kukuonya. Chukua sekunde 15 za kusikia filimbi ya mwangalizi, yule aliyewekwa kuangalia treni, kutua zana na kutoka njiani, ongeza 10 za kuwa umeshasimama mahali salama kabla treni haijafika. Kwa treni ya kilomita 60 mwangalizi wako anahitaji kuona mita 420 hivi. Kwa treni ya kasi ni mita 1,100. Hakuna macho ya kuaminika hivyo, na kwenye kona hayafai kabisa. Funga njia.

Na kwenye mteremko, kufunga njia nako hakutoshi. Huko Tebay, kaskazini mwa Uingereza, Februari 2004, toroli la kubebea reli lenye breki zisizofanya kazi liliponyoka na kushuka mlima kwa kilomita kadhaa, likaua mafundi wanne. Sisi tunaikumbuka Igandu, Dodoma, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma kwenye mlima na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Ishara nyekundu hukisimamisha chombo chenye dereva na breki. Kinachoporomoka hakijali ishara. Weka kizuizi cha chuma juu ya reli, upande wa mlimani, kabla watu wako hawajainama.

Viberenge, vile vigari vya reli vinavyobeba mafundi, navyo vihesabuni kama treni. Machi 2020, mkoani Tanga, kiberenge na treni ya mizigo viligongana, watumishi watano wa reli wakapoteza maisha. Ukichunguza ajali ya namna hiyo, linganisha saa zilizoandikwa kwenye vitabu vya stesheni za pande zote mbili za ajali na saa za simu zilizopigwa, mstari kwa mstari.

Ukifika eneo la tukio, hakikisha kwanza njia imefungwa kwa ajili yako wewe. Kisha wahi kupiga picha za breki, swichi na ishara kabla kreni haijafika, maana wakubwa watataka treni zipite jioni ileile.

Ripoti ikikamilika, usikubali iishie kabatini, imeandikwa kwa Kiingereza. Ipeleke kambini asubuhi, kabla zana hazijagawiwa, uisome kwa Kiswahili mbele ya gengi lenyewe. Watakatiza, watasema hapa umekosea, pale hapakuwa hivyo. Kaa chini uyaandike yote, uyaambatanishe na ripoti kabla hujaisaini.