Sentensi ya title() irekebishwe, na ya capitalize() pia

Ndugu, ulichokiona ni kweli: title(), amri ya lugha ya programu ya Python ya kukuza herufi, huharibu maneno yenye ritifaa (alama ya '). Maelezo yetu yanayosema title() "hukuza herufi ya kwanza ya kila neno" yanapotosha, na anayeandika Kiswahili ndiye huumia kwanza. Kwa Python, neno hapo ni kundi lolote la herufi zinazofuatana, kwa hiyo ritifaa huhesabiwa kuwa mpaka. "ng'ombe wa maziwa".title() inarudisha "Ng'Ombe Wa Maziwa", na king'ong'o inakuwa "King'Ong'O". Programu haijakosea, ndivyo ilivyotungwa. Kilichokosea ni maelezo yetu.

Naomba tuandike hivi: "Hukuza herufi ya kwanza ya kila kundi la herufi na kuzifanya zilizobaki ziwe ndogo. Ritifaa hukata kundi. Kwa majina ya watu na vichwa vya habari, tumia string.capwords()." Amri hiyo hukata penye nafasi tu, ikatoa "Ng'ombe Wa Maziwa". Ila tuonye kwamba usipoipa kitenganishi (alama ya kukatia maneno), hubana nafasi zilizorudiwa na kufuta za mwanzo na mwisho. Kwa matini iliyopangwa kwa safu hilo ni balaa.

capitalize(), amri inayokuza herufi ya kwanza ya matini nzima, nayo imeelezwa nusu tu. Hushusha herufi zote zinazofuata, hivyo "ripoti ya UNICEF" inageuka "Ripoti ya unicef". Mtu akipoteza vifupisho kwenye data yake bila kuonywa, lawama ni yetu tulioandika maelezo. Mfano huo uwekwe palepale chini ya sentensi, usipelekwe ukurasa mwingine.