Swali: Database mbili, namba za matumizi hazilingani, nikate ipi?

Swali: Mkutubi mwenzangu naomba msaada, bajeti imebana na tumeambiwa tuache database moja ya majarida. Ya kwanza inaonyesha imetumika karibu mara mbili ya ya pili. Nikate ya pili?

Jibu: Hapana, usikate bado. Uliza kwanza hizo namba zimehesabiwaje, maana takwimu za muuzaji mwenyewe kila mtu anahesabu anavyojua. Ndo maana ipo COUNTER, kanuni moja ya kuhesabu matumizi, toleo la 5 lilianza Januari 2019 na sasa tuko 5.1 tangu Januari 2025. Chukua ripoti za COUNTER za wote wawili, toleo moja, miezi ile ile.

Halafu angalia safu unayosoma, hapa ndo wengi wanapotea. Tuseme msomaji kafungua muhtasari wa makala, akaisoma kwenye brauza (HTML), akadaunlodi na PDF yake, yote kwa mkao mmoja. Total_Item_Investigations (kila aliposhika makala, hata muhtasari) inaandika 3, Total_Item_Requests (kila alipofungua makala kamili) 2, Unique_Item_Requests (makala kamili ikihesabiwa mara moja tu) 1. Hiyo 1 ndo unayoitaka, kwa sababu kuna mifumo inampitisha msomaji kwenye HTML kabla hajaipata PDF, kwa hiyo Total inapanda wakati usomaji uko pale pale, na inawezekana kabisa hiyo mara mbili yako imetokea hapo. Gawanya ada ya mwaka kwa Unique upate gharama ya kila matumizi. (Ingekuwa database ya muhtasari tu, isiyo na makala kamili, Requests haina maana, unatumia Investigations.)

Kitu kingine ambacho kinaniuma sana nikiona kimesahaulika, fungua ripoti ya TR_J2, ile ya waliozuiwa. Limit_Exceeded ikiwa kubwa maana yake watu wanaitaka ila leseni yenu inaruhusu wachache kwa wakati mmoja, sasa utaikata vipi? Na ukikuta majarida yana sifuri kabisa, linganisha orodha ya KBART ya muuzaji (faili la majarida yote yaliyomo kwenye kifurushi) na kilichowashwa kwenye katalogi yenu, mara nyingi jarida limelipiwa ila linki imekufa au halijawashwa, hakuna anayejua kama lipo. Rekebisha hilo, ipe miezi kadhaa, halafu vuta ripoti upya, kama muuzaji ana SUSHI (njia ya kuvuta ripoti za COUNTER moja kwa moja) mfumo wenu utazivuta wenyewe kila mwezi.