Hela ya kiwanja anapokea kaka, lawama anapata mke

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, niko Muscat, naendesha gari la mizigo. Baada ya diploma nilikaa kijiweni Mbagala miaka minne bila ajira. Sasa kila mwezi namtumia kaka yangu hela. Amenunua kiwanja Chanika, 20 kwa 20, na ameanza kukusanya vifaa vya msingi. Mke wangu amegeuka mkali. Anataka mkataba, anataka jina lake liwemo. Nahisi kuna watu wanamjaza maneno. Kaka hawezi kunidanganya. Nifanye nini atulie?"

Marahaba, mwanangu. Miaka minne kijiweni na cheti mkononi inaumiza, na jua la Oman nalo halina huruma. Pole, na hongera kwa kupambana.

Sasa nikuambie nilichokiona kwenye barua yako, maana hapo juu nimeifupisha tu. Umeandika mara tatu kwamba kaka hawezi kukudanganya. Mwenye uhakika angesema mara moja akaendelea na mengine. Halafu pale katikati, kama jambo dogo, umetaja kwamba mkeo aliuza cherehani yake ndipo ukalipia pasipoti na vipimo vya afya. Mtu aliyeuza chombo chake cha kazi ili wewe upande ndege, leo akiuliza mkataba unasema amejazwa maneno? Mkeo yuko sahihi. Aliyekosea ni wewe.

Hebu tuanze na hiyo 20 kwa 20. Ishirini za nini? Huko pembezoni maeneo yasiyopimwa huuzwa sana kwa hatua. Hatua ya mtu wa kawaida ni kama sentimita 75, kwa hiyo hatua 20 ni mita 15. Mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Hatua 20 kwa 20 ni mita za mraba 225. Karibu nusu ya kiwanja imeishia kwenye miguu ya dalali. Mkeo aliomba aende na tepu, ukamkatalia eti atamvunjia kaka heshima!

Saruji nayo. Kaka amekuandikia mifuko 40 ya kilo 50 kwa tofali 600 za inchi 6. Mfuko mmoja hutoa tofali 25 hadi 35 kutegemea mchanganyiko. Hata kwa hesabu ya 25, mifuko 24 inatosha. Hiyo 16 imekwenda wapi? Sisemi kaka yako ni mwizi. Ana watoto, ada inamsubiri, na hela isiyodaiwa risiti huazimwa kimyakimya hadi mwenye kuazima anasahau. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba mkataba hujauona, na kaka amekuambia "nimeandikisha kwa jina langu kwa sababu wewe haupo". Mwanangu! Kaka akifariki kesho, kiwanja kinaingia kwenye mirathi yake. Mjane wake na wanawe watakuwa na karatasi, wewe utakuwa na meseji za WhatsApp. Kutokuwepo kwako si sababu hata kidogo. Unasaini hati ya uwakilishi kwenye ubalozi wetu hapo hapo Muscat, inaletwa Dar, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, na mkeo anasaini kwa niaba yako.

Na mhuri wa mwenyekiti wa mtaa usikupumbaze. Unasaidia kuonyesha muuzaji anafahamika pale, lakini haumfanyi kuwa mmiliki. Mtafute wakili aandike mkataba upya, wanunuzi muwe wawili, wewe na mkeo, na majirani wa pande zote wasaini mipaka. Kabla ya hapo mkeo apeleke eneo hilo ofisi ya mipango miji ya halmashauri, aone kwenye ramani kama halijaangukia barabara au eneo la wazi. Kama kiwanja kimepimwa kina namba na kitalu, basi afanye upekuzi kwa Msajili. Humo hujulikana mwenye hati ni nani na kama kuna mkopo wa benki au zuio. Tangu sasa malipo yapitie benki moja kwa moja kwa muuzaji wa kiwanja au duka la vifaa.

Ninyi vijana mlioko nje mna tabia moja inayonisikitisha. Mke anaachiwa watoto, kodi ya chumba na mama mkwe mgonjwa, hayo yote anaaminiwa. Ikifika ardhi anageuka mtu baki. Sheria haimwoni hivyo. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inahesabu hata kazi za nyumbani kuwa mchango. Seuze cherehani.

Kaka yako usimfukuze. Mlipe kwa usimamizi, kiasi kinachojulikana, na mkeo ashike daftari. Mzungumze wote watatu kwenye simu moja ili asionekane mkeo ndiye mchonganishi.

Ijumaa kwako ni mapumziko lakini huku ofisi ziko wazi. Ijumaa hii mpigie mkeo kwanza, umwombe radhi, kisha aende Chanika na tepu, na kaka amwonyeshe mipaka. Hela ya saruji mwezi huu isitumwe. Mnunulie cherehani yake.