Maswali ya Wasomaji: Seva za Majina kwa Domeni Yako

SWALI: Ninakodi VPS (seva pepe) na humo nimeweka tovuti za wateja. Nataka watumie seva za majina (zinazojibu jina la domeni lina IP gani) ns1 na ns2 za domeni yangu, si za kampuni ninayokodi. Rekodi A (zinazotaja IP) za majina hayo nimeziweka kwenye zoni, yaani orodha ya rekodi za domeni, lakini kwa msajili, kampuni iliyoniuzia domeni, zinakataliwa, ati seva haijasajiliwa. Nimekosea wapi?

JIBU: Zoni yako huenda ni nzima, ulichoruka ni kusajili seva zenyewe. Tuseme domeni ni example.com. Anayetaka anwani ya ns1.example.com itabidi aiulize seva ya example.com, nayo ndiyo hiyo hiyo ns1. Mduara huo unakatwa na rejesta ya .com, yaani daftari kuu la domeni zote za .com, ambayo hutunza IP ya ns1 kando ya jina lake. IP hiyo huifikia rejesta kupitia msajili wako tu.

Ingia kwenye akaunti uliponunulia domeni, utafute sehemu ya kusajili seva za majina. Mara nyingi imefichwa mbali na pale pa kubadilishia seva za domeni, ndiyo maana watu huikosa. Sajili ns1 na IP yake, mfano 192.0.2.10, kisha ns2 na 198.51.100.20. Angalia fomu inataka nini: nyingine hujaza domeni zenyewe, na ukiandika jina zima unapata ns1.example.com.example.com. Ndani ya zoni weka rekodi NS mbili (zinazotaja seva za majina za domeni) na rekodi A mbili zinazolingana na ulichosajili. ns1 isiwe CNAME (jina linaloelekeza kwenye jina jingine), hairuhusiwi.

Kabla hujaielekeza domeni kwenye seva hizo, pima kila moja ukiwa nje ya VPS kwa dig, amri ya kuuliza seva za DNS (mfumo wa majina ya domeni); hapa inaulizia SOA, rekodi kuu ya zoni:

dig @192.0.2.10 example.com SOA +norecurse

Kwenye jibu pawepo alama aa, yaani seva inajibu kama mwenye zoni. Isipokuwepo, zoni haijapakiwa. Kukiwa kimya kabisa, tazama faiwoli: poti 53, ya DNS, ifunguliwe kwa UDP na TCP, njia mbili za kusafirisha data. Wengi huisahau TCP kwa kuwa majaribio mafupi hupita bila hiyo. Majibu marefu, kama ya DNSSEC (DNS yenye sahihi za kidijitali), ndiyo hukwama. Na seva ijibu domeni zako tu. Ikikubali kumtafutia kila mtu majina ya kila mahali, itageuzwa silaha ya kushambulia wengine.

Ukiweka IP mbili kwenye mashine moja, fomu itapita, lakini mashine ikizimika ns2 haikusaidii kitu. Kodi VPS nyingine ndogo kwenye mtandao tofauti. Kazi ya DNS ni nyepesi.

SWALI: Nimehamia seva mpya, nikabadilisha IP za ns1 na ns2 kwenye zoni. Mbona wageni bado wanapelekwa ya zamani?

JIBU: Kwa msajili bado kuna IP za zamani. Hakikisha hivi:

dig @a.gtld-servers.net example.com NS

IP zilizo chini kabisa ya jibu ndizo rejesta inazozigawa. Zibadilishe kwa msajili, zote mbili. Rekodi hizo za .com huruhusiwa kuhifadhiwa sekunde 172800, yaani saa 48, kwa hiyo usiizime seva ya zamani kabla ya muda huo, na uipe zoni ile ile mpya. Domeni za wateja usiziguse: zenyewe zinataja jina ns1, si IP.