Bi Mkubwa, mwaka huu umenifunza nisimwamini mtu

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mie nipo Makorora hapahapa Tanga, nakaanga samaki na chapati za jioni, nina watoto watatu. Mwaka huu kwakweli umenikaba koo. Mwezi wa tatu mume wangu kaanguka na boda kavunjika mguu, miezi minne yupo ndani hatoki, mie ndo baba mie ndo mama, alafu mwezi wa saba samaki wakapanda bei pale Deep Sea, mtaji ukakata, nikachukua mkopo wa kausha damu laki tatu, narudisha elfu 15 kila siku kwa siku 30. Siku 19 nikatoa, ya 20 nikakwama, wakaja wakabeba friji na mtungi wa gesi mtaa mzima unaangalia. Nikampigia shoga yangu wa kikoba, yule niliyemtunza kwenye harusi ya mwanawe mpaka nikauza pete, hakupokea, nikapiga tena, kazima simu. Deni nimelimaliza mwezi wa kumi (Mpemba wa dukani alinikopesha unga na mafuta nikawa nauza chapati tupu, na wifi yangu wa Sahare akanichukulia mtoto mdogo mpaka baba yake akaanza kutembea). Saivi kila mtu anaweka kwenye stetasi mafunzo yake ya mwaka, mie langu moja tu, usimwamini mtu. Wiki ijayo tunavunja kikoba, nataka nichukue changu nijitoe. Nakosea?
Mama Watatu, Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, tena pole sana kwa lile friji, maana kinachouma sio friji, ni yale macho ya majirani.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Shoga yako umempa pete, harusi na simu iliyozimwa, Mpemba na wifi yako umewaweka kwenye mabano. Sasa hao wawili si watu? Mtu kukukopesha unga na mafuta wakati anajua kausha damu wako mlangoni kwako, huyo kakuamini wewe kuliko ulivyojiamini mwenyewe, alafu Desemba unakaa unaandika binadamu hawafai. Shukrani yake hiyo?

Mie nilishawahi kufunga mlango kama unavyotaka. Nilinuna na chama changu kwa jambo dogo tu, sijui nani hakuja kuniona nilipolazwa, nikajitoa kwa maneno makali. Mwaka uliofuata mama yangu akafariki. Wallahi nilikodi masufuria! Mie, mzaliwa wa Ngamiani, nakodi masufuria ya kupikia khitma kama mgeni aliyeshuka stendi jana. Walikuja wawili watatu wakakaa kwenye mkeka, lakini wa kusonga ugali na kuosha sahani nilikuwa nawalipa. Kwahiyo kikoba usijitoe, punguza hisa kama unataka.

Shoga yako mfuate kwa miguu, mara moja, umuulize. Usimpigie, na usimwandikie mafumbo kwenye stetasi, wala usivae kanga yenye jina la kumchoma (najua ushainunua). Inawezekana na yeye siku ile alizima simu kwa sababu kausha damu walikuwa wanampigia yeye. Inawezekana pia ni roho yake tu mbaya, basi utajua, utarudi nyumbani ukaange samaki wako.

Hapa kwenye pesa ndo nataka unisikilize. Laki tatu umetakiwa kuirudisha laki nne na nusu ndani ya mwezi, yani riba asilimia 50. Tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha tangu mwaka 2018, na Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili (wale wanaokopesha bila kupokea akiba za watu) ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa laki tatu yako hiyo ni 10,500 tu. Siku nyingine kabla hujachukua hata shilingi omba uone leseni, na mkataba usomewe na mtu anayejua kusoma bila haraka, anayekukimbiza usaini achana nae.

Na mwanangu, mguu wa mume ni ajali, ila kusi sio ajali. Kusi linavuma kila mwaka, bahari inachafuka, ngarawa haziendi mbali, samaki anapanda bei, bibi zetu walilijua hilo bila stetasi. Hela ya kikoba usiimalize kwenye nguo za mwaka mpya. Saivi kaskazi linaingia, samaki akishuka bei nunua ukaushe ng'onda uweke, na laki moja mpe wifi yako akushikie mpaka mwezi wa tano, tena umwambie nisipokutajia samaki usinipe. Mpemba mpelekee sahani ya samaki bila kumdai, kaona chapati tupu za kutosha.

SWALI: Bi Mkubwa, mie nina shamba la machungwa Muheza. Mwaka huu nimejifunza nisiuze machungwa yakiwa bado machanga mtini, dalali ndo kala faida yote. Ila najijua, Januari ada ikibana nitauza tena. Nifanyeje?
Mkulima, Muheza

JIBU: Angalau wewe hujidanganyi. Hesabu ada ni sawa na miti mingapi, hiyo ndo umuuzie dalali, uifunge na kamba ili asije akasema kanunua shamba zima. Na mkeo awepo mkihesabu.