Kalisi ya Tassilo haikuchovywa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika kwa Kiswahili maelezo ya picha za sanaa ya kanisa ya Ulaya, karne ya 7 hadi ya 9. Kwa vile vitabu vya Injili vilivyopambwa, niandike "mswada ulioangazwa" au "mswada ulioangaziwa"? Nimekuta vyote viwili. Na je, kalisi ya Tassilo, kile kikombe cha divai ya Misa, ni "kalisi ya dhahabu ya kuchovya"? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Usiandike hata kimoja. Umehangaika na kauli ya kitenzi, ilhali ubovu uko kwenye kitenzi chenyewe, na nomino nayo haijapona. Mswada, kwa msomaji wa leo, ni kile kinachosomwa bungeni mara ya kwanza na ya pili, au makaratasi ambayo mwandishi bado hajampelekea mchapishaji. Mswada ulioangaziwa basi ni ule ambao magazeti yameupigia kelele wiki nzima. Injili za Lindisfarne, kisiwa cha Uingereza, zilizoandikwa kwa mkono wa Askofu Eadfrith mnamo mwaka 700 kwenye majani 259 ya ngozi ya ndama, si rasimu ya kitu chochote. Ni kitabu. Kiite kitabu, na ukitaka kukitofautisha na cha kiwandani, sema kitabu cha mkono.

"Kuangaza" kumetoka kwenye Kilatini cha watawa, ambako kupamba ukurasa kuliitwa kuutia nuru. Vizuri, hiyo ni yao. Sisi tunanakshi. Mlango hunakshiwa, msahafu hunakshiwa. Waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, walinakshi misahafu yao na hakuna aliyewasifu kwa kuiangaza. Andika "kitabu cha Injili kilichonakshiwa", uendelee na kazi.

Tena hiyo nuru humponza mwandishi. Akishaandika "kilichoangazwa", kalamu humteleza aongeze "kwa dhahabu", kwa kuwa picha ina manjano inayowaka. Kitabu cha Kells, kilichopo Trinity College, Dublin, na ambacho ni cha mwaka 800 hivi, hakina dhahabu hata chembe. Manjano ile ni madini ya arseniki na salfa yaliyosagwa yakachanganywa na gundi. Injili za Lindisfarne zina dhahabu, lakini ni vitone vichache ambavyo usipoonyeshwa hutaviona. Anayetaka dhahabu kweli aende kwenye kitabu cha Injili alichokiandika Godescalc kwa ajili ya Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, kati ya 781 na 783. Ngozi yake imetiwa rangi ya zambarau, na maandishi ni ya wino wa dhahabu na wa fedha. Hapo utasema "kimeandikwa kwa dhahabu", maana ni unga wa dhahabu uliotiwa kwenye kimiminika cha kunatisha, ukachukuliwa kwa kalamu. Lakini jani la dhahabu lililofuliwa jembamba likalazwa juu ya gundi, hilo limebandikwa. Kuandika na kubandika ni kazi mbili.

Sasa hilo la kuchovya, ambalo ndilo lililoipandisha barua yako juu ya nyingine zote mezani. Siku hizi kila king'aacho kimechovywa: cheni imechovywa, saa imechovywa, sanamu ya miaka elfu imechovywa. Kuchovya ni kutumbukiza kitu kwenye kimiminika na kukitoa. Kwa cheni ya dukani neno lina haki yake, kwa kuwa kweli huzamishwa kwenye beseni la dawa na umeme hupitishwa hadi dhahabu ishike. Ufundi huo ulipata hataza Uingereza mwaka 1840. Tassilo wa Tatu, mtawala wa Bavaria, aliondolewa madarakani na Karolo Mkuu mwaka 788. Hilo beseni lake lilichomekwa kwenye umeme upi?

Kalisi hiyo, iliyoko monasteri ya Kremsmünster, Austria, ina kimo cha sentimita 25 na ushee. Ni ya shaba iliyomiminwa kwenye kalibu. Si ya dhahabu. Dhahabu yake ni ngozi ya juu tu, nayo ilipakwa kwa zebaki. Sonara husaga dhahabu ikawa chenga, akaiyeyusha ndani ya zebaki ya moto, kwa kadiri sehemu moja ya dhahabu kwa nane za zebaki, kisha akaikamua kwenye ngozi laini ili zebaki ya ziada itoke. Hubaki ujiujiuji mzito kama siagi. Shaba husuguliwa hadi ing'ae, ikapakwa ule uji kwa brashi, ikawekwa juu ya makaa. Zebaki hutoka kwa mvuke, ambao ni sumu, na dhahabu hubaki imeng'ang'ania, ya manjano iliyofifia. Inang'arishwa baadaye kwa kusuguliwa na jiwe laini. Palipokuwa na mafuta ya kidole, dhahabu haishiki na panabaki kipara. Shaba ikiwa na risasi nyingi, madoa hujitokeza. Ndiyo sababu mafundi wa kazi hii walipenda shaba iliyo karibu na safi. Katika hatua zote hizo, nionyeshe ni wapi mtu amechovya.

Kwa hiyo "kalisi ya shaba iliyopakwa dhahabu". Na usikate "ya shaba" ili maelezo yawe mafupi. Kile kiunganishi "-a", kikifuatwa na jina la madini, msomaji hukichukulia kuwa kinataja kitu kilichotumika kuunda, na huo ndio usomaji sahihi. Lile bizimu kubwa la mkanda la Sutton Hoo, lililofukuliwa Uingereza mwaka 1939, ni la dhahabu kwelikweli, gramu 412.7. Ukiiita kalisi ya Tassilo "ya dhahabu", umeviweka kwenye mzani mmoja, na aliyelipia bizimu lile angekushtaki.

Bizimu hilo na kalisi vina mistari myeusi. Usiandike "rangi nyeusi". Ni mchanganyiko wa fedha na salfa uliojazwa kwenye michoro iliyochongwa, ukapashwa moto ukashika; kwenye kalisi, ndio unaoyatokeza maumbo ya Kristo na wainjilisti wanne juu ya mabamba ya fedha. Mafundi huuita nielo, na neno hilo nalipokea bila ugomvi, kwa kuwa mbadala sina. Ganeti, yale mawe mekundu ya thamani, za vifungo vya mabega vya Sutton Hoo nazo hazikubandikwa. Zimepachikwa, kila kipande ndani ya kijumba chake cha kuta za dhahabu, na chini yake kijibati cha dhahabu chenye mikwaruzo ya mraba kinachorudisha mwanga juu. Kama bado unalililia lile "kuangaza", litumie hapo.